Nilipita Mlangoni Pake: Je, Anayekimbia Moto Ana Hatia?



Mwezi uliopita, katika mafundisho ya siku ya Jumatano, dada mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu. Aliuliza hivi: mtu akikimbia moto, au akikimbia risasi, akamwacha nyuma mtu asiyeweza kukimbia, je, ana hatia mbele za Mungu? Mwalimu alimjibu kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Ni kweli, lakini dada yetu hakuuliza habari ya rehema, aliuliza habari ya hatia. Watu walinyamaza, kisha mmoja akaanzisha wimbo, tukasimama, tukafunga kwa maombi, kila mtu akaenda kwake.

Mimi nami nilinyamaza siku ile, ingawa nilikuwa na neno. Nimelibeba tangu mwaka 2002. Leo nimeomba nafasi katika barua yetu hii ili nilitoe. Mimi si mwalimu wa Biblia. Lakini siku kama hiyo iliwahi kunipata, na najua mtu anajisikiaje baadaye.

MLIMA ULE

Ndugu waliotoka Goma na Rutshuru wanaufahamu mlima wa Nyiragongo. Kwa wale waliotoka Fizi, Uvira au Ituri nitaeleza kidogo. Ni mlima wa moto, urefu wake mita zaidi ya 3,400, na uko upande wa kaskazini wa mji, mwendo wa kilomita zisizofika 20. Usiku mtu wa Goma aliinua macho akaona wekundu juu ya kilele, akaenda kulala kama kawaida, kwa sababu aliuzoea tangu utoto. Lava ya mlima huu si nzito kama ya milima mingine. Ni nyepesi, hutiririka mbio. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa zima la moto lililokuwa juu likamwagika kwa muda usiotimiza saa moja. Vijiji vya chini havikupata nafasi.

Mwaka 2002 mambo yalianza na ardhi. Mwanzoni mwa mwezi wa Januari ardhi ilitetemeka mara kadhaa, vikombe vikagongana mezani. Kisha siku ya Alhamisi, tarehe 17, asubuhi, mlima ukapasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka mpaka karibu na Munigi, mlangoni mwa mji. Mchana ule mto wa moto uliingia Goma. Ulifunika kipande cha kiwanja cha ndege, ukapita katikati ya mji, ukaugawa sehemu mbili, ukaendelea mpaka ukaanguka ndani ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki tatu walikimbia. Waliokuwa upande wa magharibi walielekea Sake. Sisi wa upande wa mashariki tulivuka mpaka kuingia Gisenyi, nchini Rwanda. Watu kama 120,000 walibaki bila nyumba.

JIRANI YANGU

Tulikaa upande wa juu wa Birere. Nyuma ya nyumba yangu alikaa mzee mmoja kipofu. Mke wake alikuwa amefariki, na watoto wake walitawanyika kwa sababu ya vita. Alitutambua wote kwa miguu. Ukipita, kabla hujafungua mdomo, anasema, "Mama Neema, leo una haraka," au, "Baba Neema, viatu vyako vimechoka." Watoto wangu walipenda kumnyemelea ili wamdanganye, na hawakuweza hata siku moja.

Siku zile ardhi ilipokuwa ikitetemeka, nilikuwa napita kwake kila jioni. Nilimwambia, "Mzee, usiwe na hofu, tuko pamoja." Naye alijibu, "Asante, mwanangu." Nilisema hivyo kila jioni, labda jioni kumi. Nilikuwa najisikia vizuri nikisema. Nilirudi nyumbani nikala chakula changu kwa amani.

Siku ya Alhamisi, karibu na jioni, mbingu ilikuwa nyekundu na harufu ya kiberiti ilikuwa inakaba koo. Tulisikia mlio wa mabati ya nyumba za juu yakikunjamana kwa joto. Nilimfunga Neema mgongoni kwa kitenge, nikamshika Baraka mkono. Mama yao alikuwa na mtoto mchanga kifuani na furushi kichwani. Tulitoka kwa njia ya nyuma, na njia ya nyuma inapita mlangoni pa Mzee.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa juu ya kiti chake, fimbo mikononi, uso ameuelekeza nje. Niliona kwamba alikuwa anangoja. Sikusema neno. Nilijiambia, mtu mwingine atamchukua. Nilijiambia, nikishawafikisha watoto mpakani nitarudi. Nilipita.

Sikurudi. Barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi na baiskeli. Hakuna mtu aliyeweza kutembea kinyume na umati ule. Tulifika Gisenyi usiku, tukalala uwanjani mwa shule, na mtaa wetu ulikuwa unawaka nyuma yetu.

Siku ya tatu nilikuwa natafuta maji, nabeba bidoni, nikapita karibu na ukuta ambapo wazee walikuwa wamekaa. Sauti ikasema, "Baba Neema? Hizo ni hatua zako."

Nilisimama. Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Akasema, "Nilizisikia siku ya Alhamisi pia. Zilipita."

Ndugu zangu, nimesikia mabomu katika maisha yangu, lakini sijasikia kitu kizito kama maneno yale. Nilikaa chini. Aliniuliza kama watoto walikuwa hai, nikamwambia wote wako hai. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuliza nilikuwa nimebeba nani siku ile. Nikamwambia.

"Basi hungeweza kunibeba," akasema.

"Nisingeweza, Mzee."

"Hilo sina neno nalo. Lakini siku ya Jumatatu mpwa wangu alikuja kunichukua ili twende Bukavu kwa mashua. Nilikataa. Nilimwambia, mimi nina jirani. Sasa niambie, wakati ule ulipokuwa unasema tuko pamoja, ulijua kwamba hungeweza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua. Mtu mwenye watoto watatu wadogo anajua kabisa hesabu ya mikono yake. Nilikuwa najua, ila sikutaka kujiambia.

Aliyemwokoa Mzee alikuwa kijana wa chukudu. Ninyi mliotoka Goma mnaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na minyororo, inayobeba mizigo ya viazi na makaa. Kijana yule tulimjua mtaani kama mwizi wa makaa, na mimi mwenyewe niliwahi kumfukuza na fimbo. Siku ile alikuwa amepakia magunia matatu ya makaa, mali yake yote, anaikimbiza. Alimwona Mzee mlangoni, akayashusha magunia kando ya njia, akampandisha Mzee, akamsukuma mpaka mpakani. Hakudai kitu. Hakuwa amemwahidi kitu pia.

MAJIBU MATATU AMBAYO HAYAKUNITOSHA

Tangu siku ile nimesikia majibu mengi kuhusu jambo hili. Nitayataja matatu.

Jibu la kwanza lilisema kwamba moto ule ulikuwa adhabu ya dhambi za Goma, kwa hiyo kila mtu alipata haki yake. Lilihubiriwa sana wakati ule. Lakini lava ilifuata mteremko wa ardhi, kama maji yanavyofuata. Ilifunika maduka na baa, na ilifunika kanisa kuu la Wakatoliki la mji. Kama ilikuwa hakimu, mbona haikuchagua? Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Siku nne baada ya mlipuko, watu walikuwa wanachota mafuta katika kituo kilichozungukwa na lava ya moto, kituo kikalipuka, na makumi yao wakafa. Nilisikia watu wakisema, tamaa imewaua. Labda wengine walikuwa na tamaa. Lakini nilikuwa Gisenyi, nilijua njaa ya siku zile. Bidoni moja ya mafuta ilikuwa chakula cha juma zima. Tusiwahukumu wafu haraka hivyo.

Jibu la pili lilisema kwamba siku ya moto kila mtu na roho yake, hakuna hatia yoyote. Jibu hili lina sehemu ya ukweli. Woga si dhambi. Mungu ndiye aliyetia ndani yetu miguu ya kukimbia. Malaika walimhimiza Lutu akimbie, hawakumlaumu kwa kukimbia. Lakini kama hakuna hatia kabisa, basi hata yule kijana hakufanya kitu chema, alifanya jambo tu. Mimi siwezi kukubali hivyo. Nilimwona Mzee akiwa hai.

Jibu la tatu ndilo lililonitesa mimi miaka mingi. Linasema, umemwacha mtu, wewe ni muuaji, hata kama hakufa. Jibu hili linajifanya la kitakatifu kwa sababu linauma. Lakini si kila kinachouma ni kweli. Kama ningembeba Mzee, ningemwacha Baraka, mtoto wa miaka minne, katika umati ule. Mungu hamdai mtu mikono ambayo hakumpa.

HATIA ILIKUWA WAPI?

Mzee kipofu ndiye aliyenionyesha mahali pa hatia, nami nadhani aliona sawasawa. Haikuwa katika hatua zangu za siku ya Alhamisi. Ilikuwa katika maneno yangu ya jioni zile kumi. Nilimpa ahadi ambayo sikuwa na mpango nayo, kwa sababu ilinifurahisha kuitoa. Naye akaitumia kama mtu anavyotumia fedha halali. Aliikataa mashua ya mpwa wake kwa ahadi yangu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi niliazima amani ya moyo kwa Mzee, na siku ya kulipa sikuwa na kitu.

Kama ningemwambia, "Mzee, mimi nina watoto watatu, ikitokea shida sitaweza kukubeba, tutafute mtu," maneno hayo yangekuwa machungu kidogo. Labda angehuzunika. Lakini angekwenda Bukavu siku ya Jumatatu.

Kwa hiyo nasema hivi: saa ya moto si saa nzuri ya kumpima mtu. Saa ile mtu hafikiri, anakimbia tu na alicho nacho mkononi. Mpime siku zilizotangulia, wakati alipokuwa na nafasi ya kusema kweli na kupanga. Tena mpime siku zinazofuata, wakati hatari imepita na anaweza kugeuka nyuma.

BAADA YA MOTO

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ule usiku. Serikali na mashirika walitaka tukae kambini upande wa Rwanda. Wengi wetu tulikataa. Tulikumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walivyofurika Goma kwa njia ileile na kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu; tena vita vya nchi zetu vilikuwa havijaisha. Hata hivyo sitasahau kwamba mama mmoja wa Gisenyi, ambaye hakutujua, alileta sufuria ya maharage na kutuhesabu watoto kwa kidole ili kila mmoja apate. Tulirudi Goma baada ya siku chache, tukivuka juu ya lava iliyokuwa inafuka moshi, soli za viatu zikilainika.

Tulipofika mtaani hakukuwa na mtaa. Kulikuwa na mawe meusi, marefu kuliko mtu. Mzee aliniomba, "Nionyeshe mlango wangu ulikuwa wapi." Nilitazama pande zote, sikuweza kumwonyesha. Mimi mwenye macho nilikuwa kipofu kama yeye.

Tulipewa shitingi moja kwa kila jamaa. Nilimwandikisha Mzee katika jamaa yangu. Tulijenga kibanda cha mbao juu ya lava ileile, na baadaye tukavunja mawe yake kujengea ukuta, kama watu wengi wa Goma walivyofanya. Mzee alikaa kwetu miaka mitatu. Majirani walinisifu sana. Sikuwaambia kwamba halikuwa jambo la wema, nilikuwa nalipa. Nilimpa sehemu nzuri ya chakula, nilimpa blanketi zuri, na kila nikimpa nilikuwa nahesabu moyoni.

Usiku mmoja aliniita akasema, "Baba Neema, nasikia unavyotembea ndani ya nyumba hii. Unatembea kama mtu mwenye deni. Mimi nilishalifuta kule Gisenyi. Kuanzia kesho nataka nile chakula chako kama mgeni, si kama mdai." Nililia usiku ule. Mzee alifariki mwaka 2005, kitandani, watoto wakiwa karibu naye. Ni kuanzia usiku ule tu ndipo nilipompenda; kabla ya hapo nilikuwa namwogopa.

Hapo nilijifunza jambo la pili. Hatia ya kweli inaweza kulipwa, tena inaweza kusamehewa. Lakini mtu anaweza kukataa msamaha na kuendelea kulipa, kwa sababu kulipa kunampa heshima mbele za watu. Hicho nacho ni kiburi.

KWA DADA YETU ALIYEULIZA

Sasa narudi kwa dada yetu. Alinipa ruhusa niandike haya bila kumtaja. Yeye aliacha mama yake mzazi kijijini, usiku wa risasi. Mama alikuwa na ugonjwa wa miguu. Alimsukuma binti yake kwa mikono yake mwenyewe akamwambia, "Chukua watoto, nenda." Tangu siku ile dada huyu hashiriki meza ya Bwana. Anasema mikono yake si safi.

Dada yangu, shauri lako si kama langu. Mimi nilidanganya, wewe hukudanganya. Mimi nilipita kimya, wewe uliagwa. Mama yako alijua mikono yako ni mingapi, akachagua nani abebwe. Ukisema umetenda dhambi, unamnyang'anya mama yako tendo lake kubwa la mwisho, unalifanya kosa lako. Mwachie alichokitoa. Huzuni yako ni halali, nayo haitaisha upesi, wala sikuambii uifukuze. Lakini huzuni si hatia. Usiipige muhuri isiyo yake.

JAMBO LA KUFANYA

Mlima wa Nyiragongo ulipasuka tena siku ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, bila watu kuonywa. Lava ilisimama karibu na kiwanja cha ndege. Siku tano baadaye, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamishwe, na watu laki kadhaa wakaondoka, wengine kwenda Sake, wengine Gisenyi, wengine Bukavu. Katika msukosuko wa siku zile watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na wazazi wao. Wazazi hao hawakuwa wabaya. Lakini mtoto aliyekuwa na jina la baba yake na namba ya simu iliyoandikwa na kushonwa ndani ya nguo, huyo ni rahisi kumrudisha. Kipande cha kitambaa, sindano na uzi. Ni kazi ya jioni moja, kabla ya shida.

Sisi hapa makazini hatuna mlima wa moto. Tuna kiangazi. Nyumba zetu ni za nyasi na shitingi, zimesongamana, tunapikia kuni, na watu wanachoma majani mashambani ili walime. Upepo ukigeuka, safu nzima ya nyumba inaweza kwisha kabla mtu hajachota maji. Nani katika safu yenu hawezi kukimbia? Mnamjua? Naye anajua nani atamchukua?

Naomba kila kundi la maombi, kabla nyasi hazijakauka, likae jioni moja lijibu maswali haya kwa majina. Kwa kila mzee, kipofu, mgonjwa, na mama aliyejifungua karibuni, wachaguliwe watu wawili, si mmoja. Tena kila anayechaguliwa aulizwe mbele ya wote, "Je, utaweza kweli?" Aliye na watoto wengi aseme "siwezi" bila aibu, na mtu asimcheke. Neno "siwezi" likisemwa mapema, linaweza kumwokoa mtu. Hata vijana tunaowaita wahuni waulizwe. Pengine mmoja wao anayo chukudu yake.

Na usimwambie jirani yako "tuko pamoja" kabla hujahesabu mikono yako.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndimi mmoja wa wazee wa kanisa lenu.